Kifurushi cha Melini

Mimi sina subira, na sijawahi kumdanganya mtu kwamba ninayo. Kwa hiyo Jesca alipotuma ujumbe Alhamisi jioni kwamba tuna hadi kesho yake saa kumi na mbili kuchagua, nilijua siku nzima ya Ijumaa imeshaharibika.

Jesca ni binti yetu wa pekee, muuguzi huko Ujerumani. Mwaka huu mimi na baba yake tunatimiza miaka arobaini ya ndoa, naye ametulipia siku saba kwenye meli ya starehe, yale majumba yanayoelea, ghorofa kumi na tano na bwawa la kuogelea juu yake kana kwamba maji ya bahari hayatoshi. Viza tumepata. Sanduku tumenunua. Kilichobaki kilikuwa kifurushi cha vinywaji.

Chakula kimo ndani ya nauli, vinywaji havimo. Unaweza kulipia kila glasi unayokunywa, au ununue kifurushi. Cha soda na juisi ni dola kumi na mbili kwa siku. Cha kila kitu, yaani bia, mvinyo na vikali, ni dola sitini kwa siku, unywe mpaka uchoke mwenyewe. Kulikuwa na punguzo, mwisho Ijumaa jioni. Na kulikuwa na sharti: watu wawili wakiwa chumba kimoja, mmoja akichukua kifurushi cha pombe, mwenzake naye lazima achukue, hata kama hagusi. Mwishoni Jesca aliandika: "Chukueni kikubwa Mama, nalipa mimi. Baba kahangaika maisha yake yote, acha na yeye afurahi."

Thobias, baba yake, alivaa miwani, akachukua daftari, akaanza kupiga hesabu.

Hapa lazima nieleze habari ya mume wangu na vifurushi. Kila mtu hapa Bigwa ananunua kifurushi cha simu, na kila mtu anaumia dakika zikiisha muda kabla hajazitumia. Thobias haumii tu, anapigana nazo. Ananunua cha siku moja saa kumi na mbili jioni, na kesho yake ikifika saa kumi na moja na nusu anaanza kupiga simu. Anampigia mdogo wake Fransisko kule Matombo kuuliza ndizi zinaendeleaje. Akimaliza anampigia fundi redio wa Mkuyuni, mtu ambaye hajampelekea redio miaka mingi, anamuuliza hali ya kuku wake. Siku moja alimpigia mwanamke aliyekosea namba wiki iliyotangulia, akamuuliza kama alimpata aliyekuwa anamtafuta. Ukimcheka anakujibu, "Nimeshalipia. Cha kulipia hakitupwi."

Mtu huyo ndiye wa kupewa bia zisizo na kikomo, siku saba, katikati ya bahari.

Na Thobias hanywi. Huu ni mwaka wa saba. Jesca hajui kwamba baba yake hanywi, kwa sababu hajui alikuwa anakunywaje. Alisoma shule za bweni, halafu chuo Dodoma, na likizo zake baba mtu alikuwa anajikaza. Siku mbili kabla ya safari yake ya Ujerumani, Thobias alikwenda Dumila kumchukulia mchele wa kuondoka nao. Hakurudi. Pale uwanja wa ndege mtoto alikuwa anageuka kila mara kutazama mlangoni, na mimi nikamwambia baba ana malaria kali, katundikiwa dripu. Akaondoka analia. Thobias alirudi baada ya siku tatu, bila mchele, bila kiatu cha kushoto. Nilimwambia, "Mwanao kaenda." Alikaa chini pale pale mlangoni. Tangu siku hiyo hajaonja.

Lakini uongo wangu uliendelea kuishi. Kila mwaka masika yakikaribia, Jesca anamtumia baba yake chandarua, dawa ya mbu na vipimo vya malaria. Thobias anapokea, anashukuru, na mimi natazama pembeni.

Ijumaa sikutulia. Nilifagia uwanja mara mbili. Nilianika nguo, wingu likashuka mlimani, nikaanua, jua likatoka, nikaanika tena. Kila nilipopita barazani nilimkuta na kalamu. Alikuwa ameandika siku saba kwa mistari, na chini ya kila siku vitone vidogo vidogo. Sikuuliza. Niliogopa kuuliza.

Saa tisa nikakimbilia kwa Raya, jirani yangu anayeuza togwa, kinywaji cha nafaka kisicholevya. Yeye ni Mluguru wa hapa hapa, Mwislamu safi, hajawahi kugusa hata chupa tupu. Nikamweleza habari ya kifurushi bila kumweleza habari ya Thobias.

"Unywe mpaka uchoke?" akasema huku akinijazia dumu. "Na choo nacho bila kikomo, au hicho wanakulipisha?"

Nilicheka hadi machozi, halafu machozi yakawa hayana habari na kicheko. Raya akanitazama.

"Mama Jesca, una nini?"

"Vumbi," nikasema. Mtu akizoea kudanganya hachagui wa kumdanganya.

Niliporudi, Thobias alikuwa amefunga daftari.

"Nimepata," akasema. "Ukinunua bia moja moja, ni dola kumi, ushuru wao wa huduma ukiwa humo. Kifurushi ni sitini. Kwa hiyo ni bia sita kwa siku, kila mmoja, ndipo pesa ya mtoto isipotee bure."

"Mimi sinywi bia."

"Najua hunywi. Ndiyo maana zako zinanirudia mimi. Kumi na mbili."

Niliweka dumu chini kwa kishindo mpaka togwa likaruka.

"Baba Jesca, umesikia ulichosema?"

"Ni hesabu tu, mama."

"Hesabu! Wewe dakika tatu zikibaki unamsalimia kuku wa Mkuyuni. Bia kumi na mbili zilizolipiwa utaziacha wewe? Utaziacha?" Nilikuwa napiga kelele na sikujali nani anasikia. "Utazinywa mpaka ya mwisho, halafu utasema cha kulipia hakitupwi. Na huko hakuna Dumila. Utarudi kwa miguu kutoka wapi?"

Alikuwa analitazama jalada la daftari. Nilisubiri anitukane, maana tusi ningeweza kulijibu.

Saa kumi na moja na nusu Jesca akapiga simu ya video. Simu ilikuwa ya Thobias, ipo mezani kati yetu. Nilikwisha kuandaa maneno: daktari kamkuta baba na vidonda vya tumbo, kamkataza pombe na hata soda. Uongo mzuri, wenye daktari ndani yake. Nilinyoosha mkono kuichukua simu, Thobias akawahi.

"Shikamoo Baba! Mmeamua? Nusu saa imebaki."

"Marahaba mwanangu. Usinunue cha pombe."

"Baba, pesa isikusumbue, mimi…"

"Sikuwa na malaria," akasema.

Jesca hakuelewa. Mimi nilielewa, nikakaa juu ya kapu la nguo.

"Siku ile unaondoka. Sikuwa na malaria wala dripu. Nilikuwa Dumila, nimelewa. Pesa ya mchele wako niliinywa. Mama yako alinifichia aibu, na mimi nikaiacha ifichwe. Mimi ni mlevi, Jesca. Nimeacha, lakini ni mlevi."

Nilimwona mwanangu kwenye kioo, ameshika mdomo, macho yamejaa. Nilitamani anilaumu mimi kwanza. Alipofungua mdomo sauti ilitoka imekatika katikati ya kilio na kicheko.

"Baba… vyandarua saba!"

"Vinatumika," Thobias akasema. "Kimoja kinafunika mchicha, kuku hawaugusi."

Jesca alicheka, akalia vizuri sasa, akasema, "Mimi nilidhani nilikuacha unakufa. Miaka yote hii nilidhani nilikuacha unakufa, nikapanda ndege." Mimi nilijifunika uso kwa kanga. Uongo niliouita huruma ulikuwa umemlaza mtoto na mzigo huo miaka saba.

Akamuuliza baba yake kwa nini asinunue basi cha soda. Thobias akasema atakunywa maji ya mezani, hayo ni bure, ameshasoma. Wakaagana kwa shida, kila mmoja anasema haya, halafu hakati.

Nilimuuliza, "Kama ulikuwa hutaki, yale mahesabu ya siku nzima yalikuwa ya nini?"

Alifungua daftari, akanisogezea. Vitone kumi na viwili chini ya kila siku, siku saba, vimepangwa vizuri.

"Nilitaka nijue kama nikiziandika zitaniita," akasema. "Zimeniita, Filomena. Tangu asubuhi zinaniita."

Nilichukua kikombe, nikammiminia togwa.

Simu ikalia mlio wa ujumbe. Nilisoma mimi: dakika ishirini na mbili zimebaki, zinaisha muda saa kumi na mbili kamili. Ilikuwa saa kumi na mbili kasoro robo. Nikaisogeza karibu na mkono wake. Hakuigusa. Sikuamini. Mimi mwenyewe nilishikwa na hamu ya kumtafutia mtu, Fransisko, fundi redio, yeyote, maana kuziona zinakufa hivi hivi kulinitia wasiwasi kama mtoto anayelia na hakuna wa kumnyanyua. Nilisimama, nikakaa, nikasimama tena. Yeye alikuwa anatazama mlima.

Saa kumi na mbili simu ikalia tena, dakika zimeisha. Hakugeuka.

Alikunywa togwa hadi nusu ya kikombe, akakiweka mezani na nusu yake ndani, akachukua ndoo akaenda kumwagilia mchicha.