Silinda Hedi ya Chukwani

Mwaka 1970 spea za magari zilikuwa hazionekani tena Unguja, na mwaka huo ndio gari la Silima lilipasuka silinda hedi, kile kifuniko kizito cha chuma kinachokaa juu ya injini. Silima alikuwa dereva wa teksi wa Ng'ambo, hajui kazi nyengine.

Fundi wake, Msabah, alimwambia kuna gari pacha wa lile huko Chukwani, limelala bandani tangu mwenyewe alipoondoka wakati wa Mapinduzi. Nyumba ilitunzwa na Bi Mwanapili, Mtumbatu aliyekuwa mpishi wa pale. Walichungulia bandani kwanza, kisha wakamkuta akifagia baraza.

"Shikamoo, Bi."

"Marahaba. Mnataka nini kwenye gari ya watu?"

Silima alimweleza. Bi Mwanapili aliegemeza ufagio ukutani.

"Hii amana," alisema. "Lakini nna dada yangu Mkokotoni, Tabia, mgonjwa wa kitandani. Na mabasi siyawezi tena. Nkikupa hicho chuma, utanipeleka?"

"Ntakupeleka, Bi. Kila utakaponiita."

Injini ya gari la Chukwani ilikuwa imeganda kwa kutu. Kilichofaa ni silinda hedi tu. Msabah aliifungua, akaigeuza, akakunja uso.

"Si sawa na yako."

"Vipi? Bodi moja, taa moja, mpaka vitasa!"

"Kiwanda kimoja, lakini injini hawakuzifanya moja. Lako limetengenezwa kwa watu wa kawaida, linakwenda hata kwa petroli dhaifu. Hili waliuziwa wanaopenda mbio. Lina kabureta mbili, na petroli inabanwa zaidi kabla ya kuwaka. Ndiyo maana nafasi ya humu ndani ni finyu. Linataka petroli kali, na hiyo siku hizi haiji. Pistoni zako hazikuumbiwa kishindo hiki."

"Sasa nifanye nini?"

Msabah alijifuta mikono. "Ntakufungia. Ntaichelewesha cheche kidogo, petroli isiwake mapema. Lakini nenda polepole. Ukisikia inagonga kama kokoto ndani ya kopo, ondoa mguu."

Silima akaenda polepole. Abiria walimcheka, baadhi yao wakashuka njiani. Alimpeleka Bi Mwanapili Mkokotoni baada ya masika, na tena wakati wa vuli. Kila mara alimsikia ndani akimwimbia dada yake nyimbo za utotoni, sauti ikikatika kwa kucheka.

Asubuhi moja, kwenye kituo cha Darajani, dereva wa basi la Mkokotoni alimwita Silima pembeni. Tabia amefariki, anazikwa adhuhuri. Silima alikwenda Chukwani kumchukua Bi Mwanapili. Alipomwambia, yule mama hakulia. Alijitanda kanga, akapanda.

"Kimbiza, mwanangu. Nataka nimuoshe kwa mikono yangu."

Walipopita Mtoni, kokoto zilianza kugonga. Silima akaondoa mguu.

"Mbona wapunguza?"

Alitaka kumwambia injini haiwezi. Alimtazama alivyokaa, viganja vimefunuliwa mapajani kana kwamba tayari vimeshika maji, akashindwa. Akaurudisha mguu chini.

Karibu na Mahonda injini ilitoa mlio mmoja mkubwa, moshi ukajaa, gari likasita na kusimama. Silima alifungua boneti. Pistoni imetoboka, hakuhitaji fundi kumwambia.

"Na sasa?" aliuliza Bi Mwanapili.

"Sijui, Bi."

Alijaribu kulisukuma, kana kwamba kulisukuma kungefaa kitu. Jua lilipanda. Bi Mwanapili alishuka akaanza kutembea kwa miguu kuelekea kaskazini, naye Silima akamfuata nyuma, mpaka lori la nazi likawachukua.

Mkokotoni walikutana na wanaume wanarudi kutoka makaburini. Bi Mwanapili alipita katikati yao, akaingia uani.

"Maji yako wapi?" aliuliza.

Wanawake walimkumbatia. "Tumeshamuosha, dada. Tumeshamzika."

"Maji yako wapi?" aliuliza tena.

Silima alisimama nje, hajui aingie kutoa pole au arudi kulinda gari. Hakufanya lolote kati ya hayo. Akabaki pale ukutani mpaka alasiri.

Gari lilivutwa hadi Ng'ambo. Msabah alitafuta pistoni kila alipojua, akakosa. Silima akaenda kubeba magunia bandarini. Mwezi uliofuata alikutana na Bi Mwanapili sokoni Mwanakwerekwe, akapiga magoti hapo hapo kumuomba radhi. Bi Mwanapili alimwinua kwa mkono.

"Mimi ndiye nlokwambia ukimbize," alisema. Kisha akageuka kuchagua mihogo, akijifuta macho kwa ncha ya kanga.