Ukoo wa Bibi Agnes

Posa yangu ilikwama kwa sababu ya mtu aliyefariki mwaka 1968. Mzee Bwanali, mjomba wake Vitalis, mchumba wangu, alitoka Makote mpaka kwetu Masasi, akala, akanawa, ndipo akauliza, "Mama wa huyu binti ni wa ukoo gani?"

Mama yangu, Yuster, akainamisha kichwa. Akataja jina la mama yake tu, Agnes; ukoo hajui. Kwetu ukoo unafuata upande wa mama, na Bibi Agnes alifariki Mama akiwa bado ananyonya. Akalelewa mjini na jamaa za baba yake, nao wote wameshafariki.

"Basi tusubiri," akasema mzee. "Wakiwa ukoo mmoja, nitakuwa nimewaozesha ndugu."

Nilikasirika. Nina miaka ishirini na tisa, nafundisha hesabu sekondari, halafu nizuiwe na marehemu nisiyemjua hata sura! Lakini hasira zangu hazijui kukaa kitako. Jumamosi asubuhi nilikuwa ofisi ya kanisa, nafunua daftari kuukuu la ubatizo. Nikamkuta: Agnes, mke wa Basil, Lupaso. Basi. Babu Basil kaandikwa baba yake, kijiji chake, hata kazi yake. Bibi yangu kaandikiwa mume. Mwandishi yule angekuwa mwanafunzi wangu ningemrudishia daftari.

Hata hivyo Lupaso nilikuwa nimeipata, nikapanda bodaboda. Wakanielekeza kwa Bibi Emilia, jirani wa zamani wa babu, aliyekuwa uani anaanika korosho.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba. Mtoto wa nani wewe?"

"Wa Yuster. Yuster wa Agnes, mke wa Basil."

Akaacha korosho zake. "Agnes ni jina la kanisani. Sisi tulimwita Somoe."

Nikamuuliza ukoo.

"Huo sikumbuki, mjukuu wangu. Aliletwa hapa kuolewa, kwao mbali. Ila mazishi yake nayakumbuka. Watani wake walitutesa siku ile. Mmoja aliingia kaburini akalala, akasema Somoe hazikwi mpaka aletwe kuku."

"Walitoka wapi hao watani?"

"Huko juu, Newala. Makote."

Niliondoka hata kuaga nikasahau, ikabidi nirudi niage. Koo zinazotaniana haziwezi kuwa ukoo mmoja; hakuna anayelala kaburini kuwasumbua ndugu zake mwenyewe. Kama wale watani walikuwa wa ukoo wa Mzee Bwanali, mimi nimeshaolewa. Kama walikuwa wengine wa Makote, nimerudi nilikoanzia. Hiyo "kama" ndiyo iliyonipandisha Newala siku hiyohiyo. Vitalis alinipokea stendi, akataka kujua kulikoni. Nikamwambia anyamaze, anipeleke kwa mjomba wake.

Mzee Bwanali alikuwa barazani na majirani wawili, anatafuna korosho. Nikapiga magoti, nikamwamkia, nikaanza kueleza, maneno yananitoka kwa kukimbizana. Nilipotaja Somoe akaacha kutafuna. Nilipofika kwenye kaburi akaanza kucheka, akacheka mpaka akakohoa.

"Aliyelala mle ni mimi," akasema. "Nilikuwa kijana. Udongo ulikuwa wa baridi, na kuku wenyewe alikuwa kakonda. Nyinyi mlituambia Agnes. Nani huku anamjua Agnes?"

Kisha akasimama, akaninyooshea fimbo. Heshima yote ya siku ya posa ilikuwa imemtoka.

"Wewe ni wa Namkanda. Wachoyo wakubwa nyinyi. Kuku mmoja tu mlituzungusha mpaka jua likazama. Na sasa mnakuja na kwetu kutumalizia chakula."

Nilitukanwa mbele za watu, na sijawahi kufurahi namna ile maishani mwangu. Vitalis alicheka mpaka akakaa chini. Mimi nilikuwa natafuta namba ya mama kwenye simu, machozi yananizuia kuona.

"Mama," nikasema, "wewe ni wa Namkanda."

Nikadhani mtandao umekatika. Kisha nikamsikia analitamka lile jina polepole, mara ya kwanza, mara ya pili. Miaka hamsini na kitu alikuwa anaishi bila hilo.

"Wapo waliobaki?" akauliza.

Nikamgeukia mzee, nikamuuliza.

"Wamejaa," akasema Mzee Bwanali. "Mwambie apike cha kutosha."