Gongo la Marehemu Kisilu

Jumamosi alasiri Obura alifika mapema kwenye uwanja wa murram, ule udongo mwekundu wa changarawe, nyuma ya mtaa wa Muthurwa, akasimama karibu na goli, mahali ambapo jua lingempiga kisogoni na si machoni. Siku za kazi alikuwa karani wa stoo katika kampuni moja ya Viwandani. Jumamosi alikuwa jicho la klabu ya kampuni hiyo: aliwatazama vijana wa mpira wa magongo, ligi ya daraja la pili, kisha akaiambia kamati nani anafaa kuchukuliwa. Aliyechukuliwa alipewa jezi. Pamoja na jezi alipewa kazi, na pamoja na kazi, chumba.

Obura hakudanganywa na mabao. Bao hata mlevi hufunga, ndivyo alivyopenda kusema. Yeye alimtazama mchezaji baada ya kunyang'anywa mpira: anasimama kuwalaumu wenzake, au anageuka kuufuata? Siku hiyo alikuwa ameshawapima wawili. Winga wa kulia, mbio anazo, lakini akifika pembeni hajui alifuata nini. Golikipa, hodari kweli, mpaka mkewe alipokuja kutazama. Halafu mpira ukamfikia Matheka.

Matheka alicheza kiungo. Alikuwa mwembamba, mkimya, na gongo alilolishika lilikuwa la marehemu babake, Kisilu, fundi wa kampuni na beki aliyecheza bega kwa bega na Obura enzi zao. Lilikuwa gongo kuukuu la mti wa forosadi, limezungushiwa utepe hapa na pale. Matheka alipowapita watu wawili, gongo likachipua majani. Alipotoa pasi iliyoipasua ngome nzima, likaota tawi.

“Cheki huyo jamaa, leo ameanza mapema,” alisema shabiki mmoja, akaendelea kutafuna njugu.

Wakati wa mapumziko, refa Muturi alikuja na pete yake ya chuma. Sheria ilitaka kila gongo lipite ndani ya pete ile, na la Matheka likakwama kwenye majani. Matheka akafungua gazeti, akatoa kisu cha jikoni, akalipogoa taratibu mpaka pete ikapita. Alikuwa ameshazoea. Akicheza ovyo, gongo hubaki kavu. Akicheza vizuri, huchipua. Na kucheza ovyo hakukujua.

Obura aliyatazama majani yakianguka. Kisilu alikuwa amefariki mwanzoni mwa mwaka, na chumba alichoacha kilikuwa cha kampuni. Mjane wake, Syombua, alikuwa ameambiwa ahame Juni ikiisha, isipokuwa mwanawe aajiriwe. Jioni hiyo Obura alipitia kwake, akapewa chai na kiti kilichokuwa cha Kisilu.

“Baba Roseline, niambie ukweli,” Syombua alimwambia Obura. “Nifunge mizigo ama nisifunge?”

“Usifunge, Mama Matheka. Nitawaleta kamati uwanjani. Wakishamwona kwa macho yao, watabisha nini?”

Na hapo ndipo alipokosea, maskini. Alikuwa ameishi maisha yake yote kwa kutazama, akadhani kila mtu akishaona, ameona.

Kamati walikuja. Mwenyekiti, Bwana Phares, hakupenda vumbi, akaletewa kiti chake mwenyewe na kutandaziwa gunia chini ya viatu. Matheka alicheza siku ile kama mtu aliyesikia mamake akilia usiku kucha, na kweli alikuwa amemsikia. Kipindi cha pili gongo lilichanua, likazaa. Matunda yakadondoka, wachezaji wakayakanyaga, murram ikawa rangi ya zambarau kutoka goli hadi goli. Moja liliviringika hadi miguuni pa Bwana Phares. Akaliokota, akalifuta kwa leso, akala.

“Tamu,” alisema, na wenzake wa kamati wakaomba waonjeshwe.

Walipomaliza kula, Bwana Phares aliitisha pete. Ikakwama. Matheka alilipogoa gongo, lakini kabla ya kufika katikati ya uwanja lilikuwa limeota tena. Obura alikimbia mwenyewe kuleta gongo jipya kutoka mkoba wa klabu. Hilo lilichipua upesi zaidi. Upande wa pili alikuwapo mpwa wa Bwana Phares, ambaye gongo lake lilibaki kavu mchezo mzima. Pete ilipita bila hata kugusa.

“Kijana ni mzuri, hilo hakuna anayelikataa,” alisema Bwana Phares. “Lakini Obura, klabu haiwezi kuchukua mtu ambaye kila akicheza vizuri anavunja sheria.”

“Kwa hiyo acheze vibaya?”

“Sijasema hivyo. Tutamwangalia mwakani.”

“Mwakani mamake atakuwa wapi? Bwana Phares, umekula matunda yake!”

“Na nikasema ni tamu,” Bwana Phares alimjibu kwa upole, huku akijipangusa vidole.

Wakamchukua mpwa.

Siku ya kuhama, Obura alisaidia kufunga kamba kwenye mkokoteni uliokuwa ukienda Dandora, kwa kakake Syombua. Kitanda kilipakiwa, na sufuria, na kiti cha Kisilu. Gongo lilikataa. Lilikuwa limeegemezwa pembeni tangu siku ya mchezo, na mizizi yake ilikuwa imepasua saruji. Matheka alilivuta, Obura akalivuta, wakalivuta pamoja.

“Liacheni,” alisema Syombua. “Kisilu naye hakupenda kuhama.” Kisha akalia, hakujifuta, na Obura akarudi kukaza kamba.

Sasa chumba ni cha mpwa, na mti umetoboa mabati. Mke wa mpwa huwagawia majirani matunda, na Bwana Phares huja kila Jumapili na bakuli lake. Mpwa, akinyang'anywa mpira, husimama kuwalaumu wenzake.

Agosti Obura alikwenda Dandora. Alimkuta Matheka kwenye ploti ya watu akichanganya zege. Walisalimiana, akaulizia mama, akaambiwa anaendelea hivyo hivyo. Kisha Obura akasimama kando, jua kisogoni, akatazama jinsi alivyozoea kutazama. Toroli ilipinduka, zege lote likamwagika, mwenzake akatukana. Matheka alikuwa ameshageuka, analizoa. Obura akaona, na macho yakateremka yenyewe hadi kwenye mpini wa beleshi. Ulikuwa mkavu.

“Usisumbuke kuangalia, mzee,” Matheka alisema bila kuacha kuzoa. “Hata mimi huangalia kila jioni.”