Medali za Kulia

Jetun alizivaa medali za babu yake kama alivyoziona pichani maisha yake yote: kifuani kushoto, nne kwa mstari, ile ya ushujaa mbele. Tangu alfajiri alizisugua kwa jivu na limau mpaka zikang'aa. Kisha akala nusu ya mkate wa uwele kwa mtindi, nusu nyingine akampa farasi wake, Kesar, wakatoka.

Hakuwa akienda kucheza. Katika kijiji chao cha mchangani, ambako kila nyumba imetoa askari wa farasi, askari akifa mkuki wake huning'inizwa miaka mitatu katika baraza la wastaafu. Mtu wa damu yake aking'oa kigingi cha mti kilichopigiliwa mchangani kwa mkuki huo, farasi akiwa mbioni, mkuki hurudi nyumbani. Asipopatikana, hupewa nyumba nyingine, na jina la marehemu hufutwa ukutani. Mkuki wa babu yake, Risaldari Bhanwaru Khan, ulikuwa katika mwaka wa tatu. Mwanawe wa pekee, babake Jetun, alikuwa Kuwait akiendesha winchi. Damu iliyobaki ilikuwa binti huyu wa miaka kumi na tisa.

Bhanwaru Khan aliingia jeshini peku, hana kitu ila mapaja ya kumbana farasi. Miaka ikapita, jeshi likawanyang'anya farasi likawapa vifaru. Wenzake walilia. Yeye alikipapasa kifaru chake ubavuni, akakiita Kesar, jina la farasi wake wa kwanza, lile lile alilokuja kupewa farasi wa Jetun, akapanda. Alipigana vita viwili tumboni mwa chuma hicho. Katika vile vya mwisho kilishika moto. Aliruka nje, akageuka, akarudi ndani kumtoa dereva wake. Hapo ndipo ilipotoka medali ya mbele, na baadaye cheo cha uofisa cha Risaldari.

Dereva mwenyewe alikuwa hai bado: Dafadari Mangej Khan, sajini mstaafu, masharubu yamesokotwa, sikio moja nusu, nusu nyingine ililiwa na moto. Ndiye aliyesimamia mstari wa kuanzia mbio. Jetun alimwendea kwa furaha.

"Salamu aleikum, babu Dafadari."

"Waleikum salamu. Hebu niambie, binti, ulipigana vita gani?"

"Mimi? Sijapigana, babu."

"Ehee! Nikadhani sisi tulilala, ukatupigania wewe." Wazee waliokaa mikekani wakaangua kicheko. "Kushoto ni kwa aliyezivujia jasho mwenyewe. Za marehemu wako huvaliwa kulia. Risaldari hakukufundisha hilo?"

"Angemfundisha saa ngapi?" mmoja akadakia. "Alikuwa na farasi wa kufundisha!"

Masikio yalimwaka Jetun. Alizibandua medali, pini ikamchoma kidole, akazihamishia kulia. Sasa zilikaa upande wa mkono wa mkuki, zikigongana kila alipopumua. Kila mpanda farasi alikuwa na mbio mbili tu. Katika ya kwanza alisikia medali kuliko kwato, na ncha ya mkuki ikazama mchangani, shubiri moja kando ya kigingi.

"Pole, Risaldari!" mtu akapiga kelele, na kicheko kikaanza upya.

Aliporudi mstarini, Mangej Khan alimshika Kesar hatamu.

"Umekuja kunitania tena, babu?"

"Medali ile ya mbele ndiyo uhai wangu, mwanangu. Siwezi kuiona imekaa vibaya nikanyamaza." Akamkuna Kesar paji la uso. "Unamwambia nini huyu ukikaribia kigingi?"

"Simwambii kitu. Nahesabu hatua."

"Ndiyo maana. Babu yako, tukisonga mbele, alinipigia kelele redioni: 'Kesar, shika njia!' Mimi! Nina jina nililopewa na wazazi wangu, naitwa farasi!"

"Ukamjibu nini?"

"Ningemjibu nini mkubwa wangu? Nililia kama farasi."

Jetun alicheka mpaka mabega yakalegea. Mzee akaachia hatamu.

Safari hii hakuhesabu. Kesar alijinyoosha, ncha za masikio yake zikakutana, mchanga ukaruka nyuma yao. Medali zililia upande wa kulia, naye akaziacha zilie. Kigingi kilikuja kidogo kama kidole, kisha kikubwa kama mlango.

"Kesar, shika njia!"

Mkuki uligonga mti, bega likavutwa, halafu uzito ukamfuata. Jetun aliuinua mkuki juu. Kigingi kilikuwa kwenye ncha, kikidondosha mchanga juu ya kichwa chake.

Kabla makofi hayajaanza, ikasikika kutoka mstari wa kuanzia sauti ya farasi akilia, ndefu, yenye kikohozi katikati. Hakuwa farasi. Dafadari Mangej Khan alikuwa amesimama wima, mkono kwenye paji la uso kwa saluti, akilia kama farasi mbele ya kijiji kizima, machozi yakimwingia masharubuni.

Hakuna aliyemcheka. Wazee wa mikekani nao waliinuka, mmoja baada ya mwingine, wakapiga saluti.

Baadaye Mangej Khan alimbandika Jetun beji ya shaba ya waliong'oa kigingi siku hiyo. Vidole vyake havikupotea njia. Vilipita medali nne za kulia vikaenda kushoto, kwenye kitambaa kitupu.

"Hii," alisema, "umeivujia jasho mwenyewe."

Jetun alipanda farasi, akaulaza mkuki mapajani, akaurudisha nyumbani.