Chemchemi za Mama Vyungu

Mwaliko wa mkutano wa kupanga ardhi ya kijiji ulisema "wakazi wote", naye Mama Vyungu akauchukua ulivyo. Alinawa udongo mikononi, akabadili nguo, akaenda shuleni.

Darasani madawati manne yalikuwa yameunganishwa, na juu yake imetandazwa ramani kubwa iliyotokana na picha za setilaiti. Mpimaji wa ardhi, binti mwenye sauti ya upole, aligusa bonde kwa kalamu.

"Hapa ni patupu. Tunapendekeza tupande mikaratusi, tupate mbao. Mnasemaje?"

Watu wakaitikia kwa vichwa. Mama Vyungu aliinamia ramani, akautafuta mto, akaufuata kwa kidole hadi pale anapochimba udongo wa kufinyangia, mwaka wa thelathini sasa.

"Mwanangu, hapo si patupu. Pana chemchemi saba. Mikaratusi itazinywa zote."

Wifi yake, fundi cherehani asiyejua kumung'unya maneno, akaangua kicheko. "Wifi, wewe na ramani wapi na wapi? Hata jina lako huandiki!"

Darasa zima likacheka. Maneno yalimchoma, lakini hakuketi. "Jina siandiki, wifi. Bonde nalijua."

"Lakini mama, picha haionyeshi maji," mpimaji alisema.

"Aliyepiga alikuwa juu. Njoo kesho nikuonyeshe ya chini."

Kesho yake waliteremka bondeni wawili, mpimaji akiwa na simu yake ya kunasa mahali hasa ilipo kila chemchemi. Mama Vyungu alikuwa akichota udongo, anauviringisha kiganjani, anaunusa. "Mweusi huu, unateleza. Maji hayako mbali." Wakafunua majani, wakakuta maji yanabubujika. Kwenye chemchemi ya tatu mpimaji alizama hadi magotini, kiatu kikabaki huko huko.

"Patupu pako hapo pamekula kiatu," Mama Vyungu akamwambia, wakacheka hadi wakashikana mikono.

Ya tano waliikuta imekauka. Mama Vyungu alichota udongo wake; ulikuwa vumbi. Mama mkwe wake alikuwa akichota maji hapo.

"Basi hii tuiache," mpimaji alisema.

"Iandike, na uandike kwamba imekufa. Wajue nasi tuna makosa yetu; miti ya kandokando tuliikata wenyewe."

Baada ya wiki tatu mkutano ukaitishwa tena. Kwenye ramani, bonde lilikuwa limezungushiwa mstari wa buluu. Ndani yake alama saba, kila moja na jina wanaloliita wenyeji. Mpango wa miti, sasa ya asili badala ya mikaratusi, ulikuwa umehamishiwa mteremkoni juu. Mkuu wa mipango kutoka ofisi ya ardhi aliuliza nani atawaeleza wakazi.

Mpimaji akampa Mama Vyungu kalamu.

Alieleza chemchemi moja baada ya nyingine, bila haraka: ipi haikauki kiangazi, ipi ina chumvi, ipi mifugo isifikishwe. Mkuu wa mipango alikuwa akiandika, anamwomba arudie. Nyuma, fundi cherehani alimpiga kumbo jirani yake.

"Unamwona yule? Wifi yangu yule!"

Mama Vyungu alisikia. Akanyoosha mgongo, akaendelea na ya sita.