Mstari wa Maji Matupu

Mimi kutulia sijui. Mama yangu kule Njombe alikuwa akisema nilizaliwa nimesimama, na hajakosea sana. Kwa hiyo watu waliposikia nimechagua kufanya utafiti wa madungusi, mimea ya miiba inayokua polepole kuliko foleni ya benki siku ya mshahara, walicheka hadi machozi. Hapa Mtwara ukisema unafanya utafiti wa mimea, mtu anajua ni korosho tu. Ukimwambia siyo korosho, anakutazama kwa huruma na kubadilisha mazungumzo.

Lakini nilikuwa na sababu zangu. Nafundisha baiolojia katika sekondari moja ya hapa mjini, na shahada yangu ya pili ilikuwa imenifia mikononi mara mbili, mara ya kwanza kwa sababu ya uhamisho, mara ya pili kwa sababu ya malaria na uvivu wangu mwenyewe. Msimamizi wangu, Dokta Gaudensi, alinipigia simu akaniambia bila kuzunguka: Jesca, usipowasilisha safari hii jina lako linafutwa. Sikuwa na shamba wala hela ya kukodi shamba. Nilikuwa na baraza la nyuma la nyumba niliyopanga mtaa wa Chuno, na madungusi barazani yanatosha.

Swali langu lilikuwa dogo. Watu wanaofuga mimea hii majumbani huimwagia mbolea wakitegemea mambo matatu kwa pamoja: ikue haraka, izae vitoto pembeni, na itoe maua. Mimi nilikuwa naamini hayo matatu hayaji pamoja. Dungusi likishiba mno linanenepa, linazaa vitoto tele, na maua linayasahau. Likilishwa kwa kiasi, ndipo linachanua. Nilitaka kulithibitisha hilo, nipate cheti changu, nipumue.

Siku nilipopanga makopo yangu, mwenye nyumba, Bi Tatu, alikuwa amekaa kwenye kigoda chake palepale barazani, kikombe cha chai mkononi na kipande cha muhogo wa kuchemsha kwenye kisahani. Hapo ndipo anaponywea chai kila asubuhi tangu nyumba ijengwe, na mimi mpangaji sikuwa na ubavu wa kumwambia asogee. Ni mama mtu mzima, mzaliwa wa Mahurunga, mpole, mwenye macho yasiyopitwa na kitu. Aliuliza ninafanya nini, nami nikamweleza kwa fahari yote ya mwalimu. Mstari wa kwanza utapata mbolea kamili kama ilivyoandikwa kwenye mfuko. Mstari wa pili nusu yake. Mstari wa tatu utapata maji matupu.

Akauliza hao wa tatu wamekosa nini. Nikamwambia hawajakosa kitu, wapo ili tujue wenzao wamefaidika kiasi gani. Nikaongeza, kwa sababu jambo hilo lilinipa kichwa, kwamba mimea yote ile ilikuwa vitoto vya dungusi moja, nilivibandua kwa mkono wangu, kwa hiyo tofauti yoyote itakayoonekana itakuwa imetokana na chakula tu.

"Wa mama mmoja," akasema Bi Tatu.

"Wote, Bi Tatu. Wa mama mmoja."

Akamega muhogo wake. 

Sasa subira ndiyo iliyonitesa. Nilikuwa nayakagua madungusi yangu kabla ya kwenda shule, nikirudi kutoka shule, na Jumamosi nilikuwa nakwenda na kurudi barazani mpaka kandambili zikakatika. Napima unene kwa kamba, nahesabu vitoto, nageuza kopo, narudisha kopo. Mwalimu mwenzangu Rozalia aliniambia mimea yangu haitachanua kwa sababu inaniogopa. Nilicheka, lakini usiku ule niliwaza huenda ni kweli.

Masika ikapita, kiangazi kikapita, mji ukajaa harufu ya mabibo, na majibu yakaanza kuonekana. Mstari wa kwanza ulinenepa kupita kiasi. Rangi yake ilikuwa ya kijani iliyolegea, mengine yakapasuka ngozi ubavuni, na miguuni vitoto vilibanana kama vifaranga chini ya mama yao. Ua halikutoka hata moja. Mstari wa pili ulikua kwa adabu, ukazaa vitoto vichache, kisha joto lilipozidi ukavaa pete za maua ya rangi ya waridi vichwani. Siku hiyo nilicheza peke yangu barazani, na Bi Tatu akanipigia makofi.

Balaa lilikuwa mstari wa tatu. Hao walitakiwa wawe wadogo, wagumu, wamekunjamana kidogo. Wao wakanenepa. Maji matupu, na wamenenepa kama waliokuwa wanakula harusini. Walizaa vitoto kushinda hata mstari wa kwanza, na maua hawakutoa.

Hapo usingizi ukanitoroka. Kwanza nilishuku maji ya bomba, nikaanza kukinga ya mvua. Halafu nikashuku udongo, nikauchambua kopo moja moja kwenye sinia kama ninayechagua mchele. Mbolea nayo ilikuwa inaisha upesi kwenye kopo lake, nikasema ni unyevu wa pwani unaiyeyusha, nikaihamishia kwenye ndoo yenye mfuniko. Mwisho nikawashuku kuku wa Bi Tatu. Kinyesi cha kuku ni mbolea kali, na kuku wale walikuwa wakitembea barazani kama wakaguzi wa elimu. Nikaomba wafungiwe. Bi Tatu alikubali, fundi Hashimu akaja kuwajengea banda la waya, na kuku kwa hasira wakaacha kutaga. Mstari wa tatu ukaendelea kunenepa.

Nilimtumia Dokta Gaudensi vipimo vyangu. Akapiga simu jioni hiyohiyo akauliza mstari wa tatu una nini. Nikasema sijui. Akasema kazi isiyo na kundi la kulinganishia siyo kazi, ni bustani, na kwamba nina mpaka mwisho wa mwezi.

Nitasema ukweli, niliwaza kudanganya. Nilijua vizuri mstari ule ulitakiwa uwe na vipimo gani. Ningeweza kuviandika nikiwa nimekaa kitandani na hakuna mtu wa chuo changu kule Morogoro ambaye angepanda basi kuja Chuno kupima dungusi. Siku nzima nilitembea na wazo hilo darasani, nikifundisha usanisinuru. Nilichukia wazo lenyewe, nikajichukia mimi, na kwa kuwa mtu akijichukia hutafuta wa kumtupia lawama, nilirudi nyumbani nimewapania kuku.

Bi Tatu alikuwa uani anapepeta mchele. Sikumwamkia hata shikamoo. Nilimwambia kuku wale wanapenya kwenye banda, hakuna maelezo mengine, na kwamba ama wauzwe ama wachinjwe, la sivyo mimi nahama. Aliuweka ungo chini taratibu.

"Kuku hawana kosa, mwalimu," alisema. "Mbolea nilitia mimi."

Nilidhani sijasikia. Akanieleza, kwa sauti ileile ya kueleza bei ya nyanya. Kila nikiondoka kwenda shule alikuwa anachukua kijiko, anachota kwenye kopo langu, anawapa wale wa mstari wa tatu. Aliwazidishia kidogo, akasema, kufidia siku walizokaa bure. Nilipohamishia mbolea kwenye ndoo, alijifunza kufungua mfuniko.

Nililipuka. Nilimwambia ameniharibia maisha, nikamwambia hajui thamani ya kitu alichokigusa, nikamwambia maneno ambayo mpangaji hamwambii mwenye nyumba na mtoto hamwambii mama. Nililia pia, kwa sauti, na jirani akachungulia juu ya ukuta. Bi Tatu alinisubiri niishiwe pumzi. Kisha akaniambia nikae, na mimi nisiyejua kukaa, nikakaa.

Alisema alivumilia mwanzoni. Alijiambia ni mambo ya shule. Lakini kila asubuhi akinywa chai yake alikuwa anawaona wale wa mstari wa tatu mbele ya macho yake, wa mama mmoja na wenzao, wamewekwa pembeni watazamwe watakuwaje.

"Mwaka wa njaa tulikuwa watatu kwa mama," alisema. "Mimi, kaka yangu Rashidi na mdogo wetu Asia. Unga haukutosha. Mama akatugawia sisi wakubwa, maana ndio tuliokuwa na nguvu ya kushika jembe. Asia akapewa maji."

Sikuuliza. Alijibu hivyohivyo.

"Sisi tukakua," akasema. Akauchukua ungo, akautikisa kidogo, akaurudisha chini. "Simlaumu mama. Angefanya nini. Lakini mimi nilikula, mwalimu. Nilikula mbele yake na yeye ananiangalia."

Ningependa kusema hasira yangu iliyeyuka palepale. Haikuyeyuka. Nilikuwa na hasira na nilikuwa na huzuni, na vyote viwili vilinikaa kifuani bila kusogezana. Nilimshika mkono kwa sababu sikujua kitu kingine cha kufanya, na mkono wenyewe ulikuwa umejaa vumbi la mchele.

Asubuhi yake nilimpigia Dokta Gaudensi nikamwambia yote, pamoja na Asia.  Akasema atanipigania nipewe msimu mwingine mmoja, wa mwisho kabisa, na kwamba nikirudi tena na hadithi hata yeye hatapokea simu. Chuo kikaniongezea. Nikabandua vitoto vipya, na vingi, nicheke au nilie, vilitoka kwenye mstari wa tatu.

Nilimwambia Bi Tatu kwamba safari hii nitayapeleka makopo shuleni. Akakataa. Alisema yatakaa palepale, ameelewa kazi yangu, na hatagusa. Nilimwamini, lakini ndoo ya mbolea niliihamishia chumbani kwangu nikaifungia. Aliniona nikiibeba, akanifungulia mlango.

Na kweli hakugusa. Mstari wa kwanza ukaanza kuvimba, wa pili ukakua kwa adabu, wa tatu ukabaki mdogo na mgumu. Kuku wakafunguliwa, baraza nikaliwekea waya, na mayai yakarudi. Kitu kimoja tu kilibadilika, na sikukigundua upesi kwa kuwa asubuhi huwa nakimbia: kigoda cha Bi Tatu hakikuwepo barazani. Alikuwa anakunywa chai ndani, kwenye mkeka, ukumbini, mahali ambapo hata upepo haufiki. Nilidhani bado amenuna. Nikamuuliza kama nimemkosea tena.

"Hujanikosea," alisema. "Siwezi kula mbele ya asiyepewa."

Nilicheka kidogo, nikamwambia Bi Tatu, yale ni madungusi. Akasema anajua ni madungusi.

Jumapili iliyofuata nilikuwa na muda kabla ya kwenda kanisani. Nikatoka barazani na kikombe changu cha chai na chapati, nikachuchumaa kupima. Mstari wa tatu ulikuwa umekondeana kama sayansi ilivyotaka, na nilifurahi, sifichi, nilifurahi sana, kwa mara ya kwanza nilikiona cheti changu. Nikakata tonge la chapati nikalipeleka mdomoni. Pale ndipo nilipoinua macho, na mbele yangu yakawa makopo yale ya mwisho, yamepangwa sawasawa, udongo wake umelowa maji ya asubuhi.

Tonge halikushuka. Nilisimama, nikachukua kikombe na sahani yangu, nikaingia ndani. Bi Tatu akaniona. Alisogea tu, akanipisha nafasi kwenye mkeka.