Muuza Magodoro wa Jumanne

Mama yangu, Eduviges, ana ugonjwa mmoja usio na dawa: mieleka. Kila Jumanne hapa mjini Puebla lazima akae kiti cha mbele ukumbini, mwavuli mkononi hata kama mawingu hakuna. Mwavuli ulikuwa wa kumchapia Daktari Kipindupindu. Huyo ndiye aliyekuwa mwovu wa ukumbi wetu, barakoa ya kijani na mchezo mchafu, na kila alipotupwa nje ya kamba, mama alimsubiri akamtandika bila huruma.

Daktari Kipindupindu ni mume wangu, Rosendo.

Mama hakujua. Mwanamieleka wa barakoa hajitambulishi hata kwa wakwe, huo ndio mwiko wa kazi yao, basi tulimwambia kwamba Rosendo anasambaza magodoro mikoani. Na alivyompenda sasa! Mole, ule mchuzi mzito wa pilipili na chokoleti, aliyompikia mkwewe mimi mwanawe sijawahi kupikiwa. Kila Jumatano alimkalisha jikoni akamchua mgongo kwa dawa ya arnika, huku akiyalaani magodoro. Alama zile za mgongoni zilikuwa za mwavuli wake mwenyewe. Mimi nilikimbilia uani kucheka.

Kicheko kilinikauka lilipotangazwa pambano la barakoa kwa barakoa, Rosendo na Shujaa wa Alfajiri, kipenzi cha mama. Anayeshindwa huvua na kutaja jina lake mbele ya ukumbi mzima, na mwenye ukumbi alikuwa ameshaamua nani atashindwa.

"Amparo," Rosendo aliniambia, "sina mama mwingine zaidi ya huyu wako. Akinifukuza mezani kwake nitakwenda wapi?"

Jumanne ikafika, akashindwa, akapiga magoti, akalegeza kamba za barakoa. Wakampa kipaza sauti.

"Naitwa Rosendo Izaguirre. Mzaliwa wa Atlixco. Nimepigana miaka kumi na mitatu."

Mama, aliyekuwa juu ya kiti akishangilia, akashuka akakaa. Tulipofika nyumbani aliutupa mwavuli nyuma ya mlango, akachukua dawa, akamgeuza mkwewe akaanza kumchua, machozi yakimdondoka.

"Kumbe ni mimi," alisema mwishowe.

Jumanne iliyofuata alikwenda bila mwavuli. Rosendo akatoka uso wazi, na hapo ndipo balaa lilipoanza, kwa sababu mume wangu ana sura ya mtu anayeomba chumvi kwa adabu. Watu wakamwonea huruma, wakampigia makofi. Mwovu anayehurumiwa hana kazi tena, na mwenye ukumbi alikuwa ameshaanza kutikisa kichwa. Rosendo alisimama katikati ya ulingo hajui mikono aiweke wapi. Akamtazama mama.

Mama akapanda juu ya kiti.

"Muuza magodoro we. Mwongo mkubwa. Umekula mole yangu miaka yote hiyo, uongo umejaa mdomoni. Mvunjeni mbavu huyo."

Ukumbi ukashtuka, kisha ukalipuka. Wakamzomea mpaka viti vikatetemeka, kila mtu akimwita muuza magodoro. Rosendo akatanua kifua, akamrushia mama busu la dharau. Sijawahi kumwona na furaha kama ile, hata siku ya harusi yetu.

Mama alishuka sauti imemkauka, akanipa mkoba nimshikie ili apate kuzomea vizuri kwa mikono miwili. Ulikuwa mzito. Nikachungulia ndani, nikaiona chupa ya arnika.